Jahazi likikamatwa: mali ya biashara ya Kismayu inavyotetewa mahakamani

Jahazi la tani 80 na meli ya tani 3,000 zikikutwa na shehena ileile ya magendo katika bandari moja ya Kenya au Tanzania, sheria haizitendei sawa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema chombo cha chini ya tani 250 za usajili kilichotumika kubeba magendo kinaweza kutaifishwa. Chombo cha tani 250 au zaidi hakitaifishwi. Nahodha wake hutozwa faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani, na meli huzuiliwa mpaka faini ilipwe.

Kwa watu wa visiwa vya Wabajuni maana yake ni nyepesi kueleweka. Vyombo vinavyotoka Koyama, Chovai, Chula au Burikavo, na majahazi mengi yanayopita kati ya Kismayu, Lamu na Mombasa, yako upande wa chini wa mstari huo. Mwenye meli kubwa hupoteza pesa. Mwenye jahazi hupoteza jahazi.

Wafanyabiashara wengi hudhani mambo huenda kwa mpangilio: mtu hukamatwa, hushitakiwa, hupatikana na hatia, kisha ndipo mali yake huchukuliwa. Kwa kawaida sivyo inavyokuwa. Kesi ya mtu ina njia yake na kesi ya mali ina njia yake, na ile ya mali hutembea kwa kasi zaidi na kwa ushahidi mdogo zaidi. Mtu anaweza kuachiliwa huru na lori lake lisirudi. Anayeingoja kesi yake ya jinai iishe ndipo aanze kudai mali, mara nyingi hukuta muda umekwisha kitambo.

Kwa nini Kismayu hutiliwa shaka

Al-Shabaab waliutwaa mji wa Kismayu Agosti 2008 na kuushikilia mpaka mwishoni mwa Septemba 2012, majeshi ya Kenya na wapiganaji wa Ras Kamboni walipoingia. Katika miaka hiyo bandari ndiyo iliyokuwa mfuko wa kundi hilo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliofuatilia vikwazo dhidi ya Somalia walikadiria katika ripoti yao ya 2011 kwamba bandari ya Kismayu pamoja na zile ndogo za Marka na Barawe ziliwaingizia al-Shabaab kati ya dola milioni 35 na milioni 50 kwa mwaka. Biashara ilikuwa ya mzunguko. Vyombo vilileta sukari na bidhaa nyingine kutoka Ghuba, vikarudi na mkaa.

Februari 22, 2012 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2036 na kupiga marufuku mkaa wote wa Somalia, uwe wa nani na umepakiwa wapi. Mji ulipokombolewa miezi saba baadaye ulikutwa na milundo ya magunia yaliyokadiriwa kufika milioni nne, na kabla ya mwaka huo kwisha mkaa ulikuwa umeanza kutoka tena. Oktoba 2014 azimio 2182 likaruhusu manowari kukagua vyombo vinavyoshukiwa, kuutwaa mkaa na kukiongoza chombo hadi bandari inayofaa. Ripoti ya wataalamu ya 2018 ilieleza kuwa mkaa bado ulikuwa ukisafirishwa kwa kiasi cha magunia milioni tatu kwa mwaka, ukifichwa kwa hati bandia za kuonyesha umetoka nchi nyingine kama vile Comoro, Ghana na Ivory Coast, na kwamba al-Shabaab walipata si chini ya dola milioni 7.5 kwa kuutoza ushuru njiani. Marufuku yamehuishwa mara kwa mara, ikiwemo katika azimio 2713 la Desemba 2023.

Wala lawama hazikuishia kwa al-Shabaab. Novemba 2015 shirika la Journalists for Justice la Nairobi lilitoa ripoti iliyodai kuwa maofisa wa jeshi la Kenya walikuwa wakifaidika na sukari na mkaa wa Kismayu. Jeshi lilikanusha. Hata hivyo, tangu hapo shehena yoyote inayotajwa jina la Kismayu hutazamwa na maofisa kwa jicho jingine, hata kama ni kamba na samaki waliokaushwa.

Hapo ndipo mfanyabiashara halali anapoingia matatani. Mchele wake umepita bandari ileile, pesa zake zimepita hawala ileile, na lori lake limepita barabara ileile na la mwenye magendo.

Watu watatu wanatosha kuwa genge

Marekani ilitunga sheria yake maarufu dhidi ya magenge, RICO, mwaka 1970, ili kuwapata wakubwa wa uhalifu wasioshika mzigo kwa mikono yao. Afrika Mashariki haina sheria ya jina hilo lakini ina inayofanana nayo. Tanzania shitaka huitwa kuongoza genge la uhalifu, na liko chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi ya 1984. Kenya ilipitisha Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa mwaka 2010, ikifuata Mkataba wa Palermo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000.

Genge kwa tafsiri ya sheria hiyo ya Kenya ni kundi lenye mpangilio, la watu watatu au zaidi, lililodumu kwa muda na kutenda kwa pamoja ili kufanya kosa kubwa kwa lengo la faida. Sasa itazame safari ya kawaida ya jahazi. Yuko mwenye chombo, yuko nahodha, yuko mwenye shehena, yuko wakala wa forodha na yuko mwenye hawala aliyepeleka malipo. Wamefanya kazi pamoja kwa miaka, wanapigiana simu kila siku, na kila mmoja ana sehemu yake katika faida. Upande wa mashitaka ukithibitisha kwamba shehena moja ilikuwa haramu, mlolongo huo wa biashara unaweza kuchorwa mbele ya hakimu kama mlolongo wa genge. Rekodi za simu na za malipo hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kwa hiyo utetezi wa mtu mmoja mmoja katika kesi za namna hii hauko katika kusema "sisi si genge". Uko katika kuonyesha kazi yake ilianzia wapi na kuishia wapi. Nahodha aliyelipwa ujira wa safari hana nafasi sawa na nahodha anayepata fungu la faida ya shehena. Wakala aliyeandika kwenye hati kile alichoambiwa na mwenye mzigo hana nafasi sawa na aliyetafuta hati ya asili ya nchi ambayo jahazi halikufika. Hati bandia ndiyo hatari kubwa kuliko mzigo wenyewe, kwa sababu mzigo ni kosa la siku moja lakini hati bandia ni ushahidi wa mpango. Ni ajabu kwamba bado wako wanaoiona kama gharama ya kawaida ya safari.

Ni muhimu pia washitakiwa wasitegemee wakili mmoja kwa wote bila kufikiri. Mwenye jahazi na mwenye shehena huenda ni ndugu, lakini mahakamani utetezi wa mmoja unaweza kuwa ndio mashitaka ya mwenzake.

Mali ina saa zake

Mali ya msafirishaji inaweza kuchukuliwa kwa njia zaidi ya moja, na jambo la kwanza la kuuliza siku ya kukamatwa ni: imechukuliwa na nani, kwa sheria ipi?

Ikiwa ni forodha, sheria ile ya 2004 ndiyo inayotawala. Ofisa anatakiwa kumpa mwenye mali taarifa ya maandishi ndani ya mwezi mmoja, isipokuwa kama mali ilikamatwa mwenyewe akiwepo. Mwenye mali naye ana mwezi mmoja wa kudai kwa maandishi kwa kamishna. Asipodai, mali huhesabika kuwa imetaifishwa, bila kesi na bila hakimu. Wabajuni wengi wamepotezea hapo, si kwa sababu hawakuwa na haki bali kwa sababu waliendelea kuzungumza na maofisa bandarini siku hadi siku wakiahidiwa kwamba mambo yatakwisha. Mazungumzo hayasimamishi mwezi. Barua ndiyo inayousimamisha, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.

Katika kesi ya forodha, aidha, mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwenye mali. Yeye ndiye anayetakiwa kuonyesha kuwa ushuru ulilipwa, kwamba bidhaa ziliingizwa kihalali au kwamba zilitoka mahali anaposema zilitoka. Sheria inampa kamishna uwezo wa kumaliza shauri nje ya mahakama mtuhumiwa akikiri kwa maandishi na kulipa. Kwa mzigo mdogo hilo linaweza kuwa nafuu. Lakini anayekiri ili apate jahazi lake akumbuke kwamba karatasi hiyo inabaki kwenye faili, na kwamba shitaka la genge likija baadaye, itasomwa.

Somalia ilikubaliwa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2023 na kukamilisha uanachama Machi 2024. Kwa msafirishaji wa Kismayu, sheria inayomgusa ni ile anayokutana nayo akitia nanga Lamu, Mombasa, Tanga au Zanzibar.

Njia ya pili ni ya madai, na huko Kenya iko chini ya Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Utakatishaji Fedha ya 2009. Mamlaka ya Kurejesha Mali, ijulikanayo kama ARA, huenda Mahakama Kuu na kuomba amri ya kuizuia mali. Ombi hilo husikilizwa upande mmoja, mwenye mali akiwa hana habari. Amri ikitolewa huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na kuanzia hapo ni siku 90 ambazo mamlaka inatakiwa iwe imefungua ombi la kutaifisha, la sivyo amri hufa. Anayetaka kupinga ana muda mfupi zaidi, ni suala la wiki chache tu, kutoa taarifa kwamba anadai haki katika mali hiyo. Mtu aliyeko Chula hasomi gazeti rasmi la Nairobi. Ndiyo maana mwenye lori au akaunti Kenya anahitaji kuwa na mtu huko, wakili au jamaa, anayejua kwamba barua ikifika haiwekwi kabatini.

Kesi hii haimtazami mtu, inaitazama mali. Swali ni kama mali hiyo ni mapato ya uhalifu, au ilitumika au ilikusudiwa kutumika katika uhalifu. Katika jinai upande wa mashitaka huthibitisha bila kuacha shaka ya msingi. Hapa inatosha kuonyesha kwamba yaelekea zaidi ni hivyo kuliko sivyo. Sheria inasema wazi kuwa matokeo ya kesi ya jinai hayabatilishi amri ya kutaifisha. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda mali katika kifungu cha 40, lakini kifungu hichohicho kinasema ulinzi huo hauihusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Mwenye mali ana mlango wake. Akionyesha kuwa alipata haki yake katika mali kwa njia halali na kwa thamani inayostahili, na kwamba hakujua wala hakuwa na sababu ya kushuku kuwa inatumika vibaya, mahakama inaweza kuiondoa sehemu yake katika amri. Mlango huu ni muhimu kwa mwenye lori aliyelikodisha, kwa aliyekopesha pesa za kununua chombo, na kwa mjane mwenye fungu katika mashua ya marehemu. Maneno "sikuwa na sababu ya kushuku" lakini yanapimwa. Aliyekodisha lori kwa bei maradufu ya soko, bila kuuliza linabeba nini kutoka Dhobley, atapata taabu kuyasema.

Akaunti zilipofungwa 2015

Njia ya tatu ni ya orodha, na ndiyo inayotisha kwa sababu haina hata mzigo uliokamatwa. Jina linatajwa, akaunti inafungwa.

Siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, ambapo watu 148 waliuawa, serikali ya Kenya ilitangaza orodha ya zaidi ya majina 80 ya watu, makampuni na mashirika yaliyodaiwa kuhusishwa na ugaidi. Walipewa saa 24 kueleza kwa nini wasiorodheshwe. Katika orodha hiyo yalikuwemo makampuni 13 ya kupeleka fedha, na Benki Kuu ilisimamisha leseni zao. Kwa Kismayu hilo lilikuwa pigo. Mfanyabiashara anayeagiza unga na mafuta ya kupikia kutoka Mombasa hulipa kwa hawala, na njia nyingine ya maana haikuwepo. Makampuni yalifunguliwa tena mwishoni mwa Juni, baada ya mazungumzo na masharti mapya.

Mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa yaliyokuwa katika orodha hiyo, MUHURI na HAKI Africa, yalichagua mahakama. Yalidai kwamba hayakupewa nafasi ya kusikilizwa wala kuonyeshwa ushahidi. Novemba 2015 Mahakama Kuu Mombasa iliamuru akaunti zao zifunguliwe. Ilichukua miezi saba, na katika miezi hiyo wafanyakazi hawakulipwa ipasavyo na kazi zilisimama. Hata hivyo, somo lake kwa wenye biashara ni kubwa: utaratibu wenyewe wa kuorodhesha unaweza kupingwa, bila kusubiri mashitaka ya jinai ambayo huenda yasije kamwe.

Hoja hiyohiyo ilishinda Ulaya. Mtandao wa al-Barakaat, uliokuwa mkubwa kuliko yote katika kupeleka pesa Somalia, ulifungiwa mali Novemba 7, 2001 kwa amri ya Marekani, na tawi lake la Sweden likafungiwa pia chini ya orodha ya Umoja wa Mataifa. Septemba 3, 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kanuni ya Ulaya iliyotumika ilivunja haki yao ya kusikilizwa. Ilikuwa ni karibu miaka saba baadaye. Biashara ilikwisha kufa.

Risiti ya kizuizini

Kuna jambo ambalo wasafirishaji wa Juba ya Chini hawapendi kulizungumza mbele ya wageni, nalo ni vizuizi vya barabarani. Al-Shabaab hutoza malori na hutoa risiti, ili dereva asitozwe mara mbili kwenye kizuizi cha mbele. Karatasi hiyo ndiyo inayomlinda barabarani. Akivuka mpaka nayo mfukoni, inakuwa kielelezo namba moja dhidi yake.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Kenya ya 2012 inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayetoa fedha akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba zitatumiwa na kundi la kigaidi. Haisemi kama alitoa kwa kupenda. Utetezi wa kulazimishwa upo katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 16, lakini ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Tishio liwe la kuuawa au kujeruhiwa vibaya papo hapo, na liwe lilidumu muda wote kosa lilipokuwa likitendeka. Tishio la madhara ya baadaye halimwokoi mtu. Dereva aliyesimamishwa na bunduki porini ana la kusema. Mwenye kampuni aliyetuma malipo ya mwezi kwa simu akiwa ofisini mwake, kwa kuogopa kwamba malori yake yatachomwa wiki ijayo, ana la kusema dogo sana.

Serikali ya Somalia nayo ilibadilisha msimamo. Oktoba 2022 wizara ya biashara ilitangaza kwamba mfanyabiashara anayewalipa al-Shabaab atachukuliwa hatua za kisheria na kupoteza leseni. Kabla ya hapo malipo hayo yalifumbiwa macho kwa sababu kila mtu alijua hali ilivyo. Mwenye lori leo amebanwa pande zote mbili: asipolipa njiani anahatarisha gari na roho ya dereva, akilipa anahatarisha leseni na akaunti.

Lililo hakika ni kwamba maelezo ya malipo hayo hayafai kutolewa kituoni, usiku, bila wakili. Katiba ya Kenya inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, ya kuonana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na katika kesi yenyewe ya kupata mkalimani bila malipo kama haelewi lugha inayotumika. Mzungumzaji wa Kibajuni mara nyingi huambiwa kwamba Kiswahili anakijua, basi mkalimani wa nini? Kiswahili cha sokoni si cha karatasi ya mashitaka. Asiyeelewa neno aseme mbele ya hakimu kwamba haelewi, na iandikwe.

Karatasi za chombo

Mashua nyingi za visiwani hazina hati. Fundi alichonga, mwenyewe akalipa kwa mafungu, wazee wakashuhudia, na kila mtu kijijini anajua ni ya nani. Tangu vita vya 1991 vilipowatawanya Wabajuni hadi Mombasa na Lamu, hata wazee walioshuhudia hawako mahali pamoja. Mbele ya mahakama inayouliza pesa za kununulia zilitoka wapi, ushahidi wa kijiji hautoshi.

Kinachohitajika si kigumu. Makubaliano ya kuunda au kuuziana chombo yaandikwe na kushuhudiwa, na malipo yaonekane: risiti ya hawala, ujumbe wa malipo ya simu uliohifadhiwa, au daftari la fundi. Ikiwa chombo kina wenye mafungu, majina na mafungu yao yaandikwe. Chombo kinachofanya kazi Kenya kisajiliwe na mamlaka ya bahari ya huko. Kwa kila safari kuwe na orodha ya shehena iliyosainiwa na mwenye mzigo, si na nahodha peke yake, na mkataba wa kukodi unaotaja bidhaa na bei. Nahodha akikuta gunia lisilomo katika orodha, barua au ujumbe wa simu wa kulilalamikia siku hiyohiyo una thamani kuliko kiapo kitakachotolewa mwaka mmoja baadaye.

Kwa mwenye hali hiyo ambaye tayari amekamatwa na hana karatasi, mawakili hutumia viapo vya fundi na wauzaji pamoja na mahesabu ya mapato ya miaka iliyopita. Ni kazi ya polepole, na huanza na kumtafuta fundi Matondoni au Kizingitini akiwa bado hai.

Upande wa pili nao unatakiwa kuwa na karatasi zake. Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa alihukumiwa miaka 20 Julai 2016 kwa zaidi ya tani mbili za pembe za ndovu zilizokamatwa mjini humo 2014. Agosti 2018 Mahakama Kuu ilimwachilia huru, kwa sababu ya kasoro katika ushahidi. Nani alikamata, nani alihesabu, nani alitunza ufunguo wa ghala: hayo ni maswali ambayo wakili wa msafirishaji anatakiwa kuyauliza mapema. Orodha ya mali iliyokamatwa isainiwe hapohapo gatini, na mwenye mali achukue picha za chombo, injini na shehena akiruhusiwa.

Jahazi linalosubiri

Mbao hazingoji kesi. Jahazi likiachwa kavu juani miezi michache kalafati hutoka, mbao hufunguka, na likirudishwa majini huzama. Injini na nyavu huibwa. Samaki na kamba huoza kwa siku. Ndiyo maana ombi la kwanza la mwenye chombo halifai kuwa la kurudishiwa moja kwa moja, ambalo huchukua muda, bali la kuachiwa kwa dhamana huku kesi ikiendelea, baada ya tathmini ya thamani na picha za kumbukumbu. Kama mahakama haikubali, iombwe iamuru chombo kitunzwe, na bidhaa zinazoharibika ziuzwe na fedha ziwekwe kwenye akaunti ya mahakama. Fedha zinaweza kurudishwa. Shehena iliyooza hairudi.

Hatari ya kupoteza chombo kabla ya hukumu si ya kufikirika. Agosti 2014 meli ya Al Noor, iliyokamatwa na zaidi ya kilo 370 za heroini, ililipuliwa baharini nje ya Mombasa mbele ya Rais Uhuru Kenyatta, kesi ya waliokuwemo ikiwa bado mahakamani. Hukumu ya kesi hiyo ilikuja 2023.

Anayeelekeza chombo chake kusini zaidi ajue kwamba Tanzania hali ni nzito kwa upande wa mtu mwenyewe. Mashitaka ya uhujumu uchumi mara nyingi huambatana na utakatishaji fedha, kosa lisilo na dhamana, na mshitakiwa huweza kukaa rumande miaka kabla ushahidi kusikilizwa. Septemba 2019 Rais John Magufuli alitoa nafasi kwa washitakiwa wa uhujumu uchumi kukiri na kurejesha fedha, na mwaka huohuo sheria ikaruhusu makubaliano ya kukiri kati ya mshitakiwa na upande wa mashitaka. Wako waliotoka kwa njia hiyo. Aliyeko rumande bila dhamana hajadiliani kwa usawa na aliyemweka humo, na mali anayokubali kuiacha katika makubaliano hayo ni vigumu kuidai tena.

Kwa aliyetiwa katika orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa inayohusu Somalia, mahakama ya Mombasa au Dar es Salaam haiwezi kulifuta jina lake New York. Ofisi ya msuluhishi iliyoundwa 2009 huwasikiliza walio katika orodha ya ISIL na al-Qaida peke yao. Wa orodha ya Somalia hupitia ofisi ya kupokea maombi iliyoanzishwa kwa azimio 1730 la mwaka 2006, ambayo hulipeleka ombi kwa nchi zinazohusika na kwa kamati ya Baraza la Usalama. Mwombaji anaweza kuandika mwenyewe au kupitia nchi yake, na halipi chochote.